Jicho Lisilodungwa Sindano Nalo Lipimwe

Tangu mwaka 2005 tiba ya macho imepata nyenzo ambayo waganga wa kizazi kilichotangulia hawakuiota. Nayo ni sindano nyembamba inayodungwa ndani ya jicho lenyewe na kutia humo tone dogo la dawa, ujazo wa mililita 0.05 tu. Wazee wengi ambao zamani wangalipoteza uwezo wa kusoma na wa kutambua nyuso za wajukuu wao, leo wanaendelea kuona kwa sababu ya tone hilo. Hayo ni mafanikio makubwa, wala makala haya hayakusudii kuyapunguza.

Lakini binadamu ana macho mawili, na moyo wake mmoja husukuma damu katika macho yote mawili. Dawa iliyotiwa katika jicho la kulia haikai humo daima. Hutoka polepole, ikaingia katika damu, na damu haibagui jicho. Kwa hiyo lazuka swali ambalo katika kliniki nyingi huachwa kando: je, jicho la pili, lile lisilodungwa, hupatwa na nini?

Hoja yangu ni hii. Jicho lisilodungwa halipaswi kuhesabiwa kuwa halikuguswa na tiba. Wala halipaswi kuhesabiwa kuwa limetibiwa. Makosa haya mawili yanapingana, lakini yote mawili hutendeka, na yote mawili yaweza kumgharimu mgonjwa uwezo wake wa kuona. Ili tuyaepuke, yatupasa kwanza kufahamu ugonjwa wenyewe na njia ambayo dawa hupita.

Ugonjwa na dawa yake

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, ambao hupokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Katikati ya utando huo kuna sehemu ndogo yenye upana wa milimita 5 hivi, iitwayo makula. Kwa sehemu hiyo sisi husoma, hutunga uzi katika tundu la sindano, na hutambua sura ya mtu. Uzee unapoingia, makula ya baadhi ya watu huanza kuchakaa. Katika aina kavu ya ugonjwa huu, chembechembe za retina hufa taratibu kwa miaka mingi. Katika aina ya majimaji, mishipa mipya ya damu huchipua chini ya retina, mishipa dhaifu inayovuja maji na damu, na katika muda wa majuma au miezi michache mtu hupoteza uwezo wa kuona kilicho mbele yake hasa, ingawa bado huona vya pembeni.

Kinachoiamrisha mishipa hiyo kuchipua ni protini ambayo wataalamu huiita kwa kifupi VEGF. Hapa nitaiita kikuzamishipa. Mwaka 1971 Judah Folkman wa Boston, Marekani, alitoa rai kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila kujijengea mishipa ya damu, na kwamba atakayezuia ujenzi huo atauzuia uvimbe. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California walieleza muundo wa kikuzamishipa. Hatimaye ikatengenezwa kingamwili ya kukinasa, bevasizumabu, inayouzwa kwa jina la Avastin, ambayo mwaka 2004 ilipata kibali nchini Marekani kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka uliofuata Philip Rosenfeld wa Miami akaidunga dawa hiyo ya saratani, kwa kipimo kidogo sana, ndani ya jicho la mgonjwa. Mwaka 2006 ikaidhinishwa ndugu yake, ranibizumabu, yaani Lucentis, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya macho, na mwaka 2011 ikafuata aflibasepti.

Baadhi ya watu hudhani kwamba kuchakaa kwa makula ni ugonjwa wa Wazungu tu. Utafiti uliofanywa Nakuru, Kenya, katika miaka ya 2007 na 2008 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba asilimia 11.2 walikuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huu, na asilimia 1.2 walikuwa wamefikia hatua ya mwisho. Aidha, sindano hizihizi hutumika kutibu madhara ya ugonjwa wa kisukari katika retina, ugonjwa ambao kwa kawaida hushika macho yote mawili. Basi suala la jicho la pili ni letu pia.

Jinsi dawa inavyovuka

Jicho limejaa ute mzito, kiasi cha mililita 4 hivi kwa mtu mzima. Dawa ikidungwa husambaa katika ute huo. Sehemu yake hutoka kwa mbele, pamoja na maji ya jicho yanayotiririka kuingia katika mishipa midogo ya damu; sehemu nyingine hupenya nyuma kupitia retina. Njia zote mbili mwisho wake ni mzunguko wa damu wa mwili mzima. Kutoka hapo dawa hupita moyoni, na sehemu yake ndogo husukumwa hadi kwenye jicho la upande wa pili.

Hapa ndipo dawa hizi zinapotofautiana. Bevasizumabu ni kingamwili kamili, yenye mkia ambao chembechembe za kuta za mishipa ya damu huutambua. Chembechembe hizo huiokota dawa na kuirudisha katika damu badala ya kuiharibu, hivyo kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu baada ya siku 20 hivi. Ranibizumabu ni kipande tu cha kingamwili, hakina mkia huo, na uzito wake haufiki hata theluthi ya uzito wa bevasizumabu. Kikishaingia katika damu, nusu yake hutoweka kwa saa chache tu. Aflibasepti nayo imeungwa na mkia kama huo wa kingamwili, na katika jambo hili huelekea upande wa bevasizumabu.

Mwaka 2007 Sophie Bakri na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliwadunga sungura katika jicho moja na kupima macho yote mawili. Walipotumia miligramu 1.25 za bevasizumabu, waliikuta katika jicho lililodungwa kwa kiasi cha mikrogramu 400 hivi katika kila mililita ya ute siku moja baadaye. Katika jicho lisilodungwa waliikuta pia, lakini kidogo mno: nanogramu 0.35 kwa mililita siku ya kwanza, na nanogramu 11.17 baada ya majuma manne. Walipotumia ranibizumabu, hawakuiona kabisa katika damu wala katika jicho la pili.

Tarakimu hizi zataka kusomwa kwa uangalifu. Kiasi cha juu kilichofika jicho la pili ni kidogo kuliko cha jicho lililodungwa kwa zaidi ya mara 35,000. Atakayetazama hapo tu atasema kwamba ni bure. Lakini kikuzamishipa chenyewe hupimwa jichoni kwa viwango vidogo kuliko hata nanogramu moja kwa mililita, hivyo dawa kidogo si lazima iwe dawa isiyo na kazi. Tena, ilhali dawa ilikuwa ikipungua katika jicho lililodungwa, katika jicho la pili ilikuwa bado inaongezeka. Mganga anayelipima jicho la pili kesho yake tu hatajua litakalokuwamo mwezi ujao.

Kwa upande mwingine, sungura si binadamu. Mnyama mwenye uzito wa kilo mbili au tatu, aliyepewa kipimo kilekile apewacho mtu wa kilo 60, amepata dawa mara 20 hadi 30 zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, na damu ya kuizimua ni chache. Kwa hiyo jaribio hili lathibitisha kwamba njia ipo. Halithibitishi kwamba msafara upitao njia hiyo kwa binadamu ni mkubwa kiasi kile.

Ushahidi kwa wanadamu

Kwa wanadamu, ushahidi wa kwanza ulipatikana mapema. Mwaka 2006 Robert Avery na wenzake huko California walieleza habari za wagonjwa 32 wa kisukari waliodungwa bevasizumabu. Katika wawili kati yao, mishipa iliyokuwa ikivuja katika jicho lisilodungwa nayo ilipunguza uvujaji kidogo. Baadaye utafiti wa Uingereza uitwao IVAN ulipima damu ya wazee waliotibiwa makula, ukakuta kwamba kikuzamishipa katika damu kilikuwa kimeshuka zaidi kwa waliopewa bevasizumabu kuliko kwa waliopewa ranibizumabu. Kwa hiyo si haki kusema kwamba dawa hukaa katika jicho lililodungwa tu.

Lakini kufika ni jambo moja, na kukinga ni jambo jingine. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CATT, uliozilinganisha dawa hizo mbili, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 700 ambao jicho lao la pili lilikuwa halijapatwa na aina ya majimaji. Katika miaka miwili, jicho hilo lilipatwa kwa asilimia 17 hivi ya waliokuwa wakidungwa bevasizumabu, na kwa asilimia 21 hivi ya waliokuwa wakidungwa ranibizumabu. Tofauti hiyo ni ndogo, na kwa hesabu za takwimu yaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Lililo dhahiri ni kwamba katika makundi yote mawili, karibu mtu mmoja katika kila watano aliugua jicho la pili akiwa bado anatibiwa la kwanza.

Kuna ushahidi mwingine wenye nguvu zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 nchini Marekani, watafiti hawakungoja dawa ivuke yenyewe. Waliidunga aflibasepti, kipimo kamili, kila baada ya miezi mitatu, katika jicho la pili lililokuwa hatarini lakini halijaugua. Baada ya miaka miwili, macho hayo yalikuwa yameugua karibu sawa na yale yaliyofanyiwa sindano ya kuigiza isiyo na dawa. Ikiwa kipimo kamili kilichotiwa ndani ya jicho lenyewe hakikuweza kuuzuia ugonjwa usianze, je, tutatumainije kwamba chembe iliyovuka kwa njia ya damu itaweza?

Ushahidi huu wa pande mbili haupingani. Dawa yaweza kutuliza mishipa ambayo tayari ipo na inavuja, kama ilivyokuwa kwa wale wagonjwa wawili wa kisukari, na hata hivyo isiweze kuondoa kisababishi cha kuchipua kwa mishipa mipya, ambacho ni kuchakaa kwa retina kwa miaka mingi. Moto uliotulizwa si moto ulioondolewa kuni.

Makosa mawili ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni la watafiti. Imekuwa desturi kulitumia jicho la pili la mgonjwa kama kipimo cha kulinganishia: jicho moja hupewa dawa, la pili huachwa, kisha tofauti huitwa nguvu ya dawa. Desturi hii inavutia, kwa maana macho mawili ya mtu mmoja yana umri mmoja, damu moja na urithi mmoja. Lakini ikiwa dawa imevuka, jicho la pili limekwisha kuonja tiba, na nguvu ya dawa itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Madhara nayo yatafichika, kwa sababu yatakuwa yametokea pande zote mbili. Waganga wa macho walikwisha kupata somo hili kutokana na timololi, dawa ya matone ya kupunguza shinikizo la jicho iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970: matone yakitiwa jicho moja, mengine hupita katika mfereji wa machozi hadi puani na kuingia katika damu, na shinikizo la jicho la pili hushuka pia. Haifai kujifunza somo hilo upya kwa kila dawa mpya.

Kosa la pili ni la kliniki, nalo laniogofya zaidi. Sindano hizi ni ghali, na hurudiwa mara kwa mara. Mgonjwa wa kisukari mwenye macho mawili yanayovuja, na fedha za sindano moja tu, hushawishika kwa urahisi kuamini kwamba sindano hiyo itayafaa yote mawili. Mganga aliyesoma habari ya wale wagonjwa wawili wa mwaka 2006 aweza kumpa moyo kwa nia njema. Hilo ni tumaini lisilo na msingi. Nafuu iliyoonekana katika jicho la pili ilikuwa hafifu na ilipatikana kwa wachache, wala hakuna awezaye kuitabiri. Jicho linalohitaji tiba litibiwe lenyewe. Na kama fedha hazitoshi, mgonjwa aelezwe kwamba hazitoshi, asiambiwe kwamba damu itamfanyia kazi iliyobaki.

Inafaa pia kuwakumbuka watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao retina zao hushikwa na ugonjwa wa mishipa na hutibiwa kwa sindano hizihizi. Mwili wa mtoto huyo ni mdogo, na kikuzamishipa kilichomo katika damu yake bado kinajenga mapafu na ubongo. Kwa sababu hiyo watafiti wa Marekani walijaribu vipimo vidogo zaidi na zaidi vya bevasizumabu, na mwaka 2017 walieleza kwamba hata miligramu 0.031, sehemu moja tu ya 40 ya kipimo cha mtu mzima, ilikuwa na kazi. Kuifuatilia dawa nje ya jicho lililodungwa kumezaa hapa jambo la manufaa, yaani kipimo kidogo chenye hatari ndogo.

Je, tuiache dawa ya bei nafuu?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa bevasizumabu ndiyo ivukayo zaidi na kukaa zaidi katika damu, kwa nini tusiiache? Nami najibu kwamba kufanya hivyo kungekuwa kosa la tatu. Mwaka 2011 utafiti wa CATT ulionyesha kwamba dawa hizo mbili zina nguvu sawa ya kuhifadhi uwezo wa kuona, ilhali huko Marekani sindano ya bevasizumabu iligharimu dola 50 hivi na ya ranibizumabu dola 2,000 hivi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza bevasizumabu katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Ni kweli kwamba katika CATT waliopata bevasizumabu walikuwa na maradhi mazito ya mwili kwa wingi zaidi. Lakini sehemu kubwa ya maradhi hayo haikuwa ya aina inayotazamiwa kutokana na kuzuia kikuzamishipa, na mapitio ya majaribio mbalimbali yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2014 hayakuona tofauti ya vifo wala ya madhara mazito kati ya dawa hizo mbili.

Kwa nchi zisizo na fedha nyingi, kuikataa dawa hiyo kwa hofu ya nanogramu chache kungekuwa kuwahukumia wengi upofu wa hakika ili kuwaepusha na hatari ya kudhaniwa. Yafaa itumiwe, lakini itumiwe kwa macho yaliyofunguka. Mgonjwa aliyepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni astahili kuulizwa na kufikiriwa kabla ya kudungwa. Na ikiwa macho yote mawili yatadungwa siku moja, mganga akumbuke kwamba kiasi kinachoingia katika damu huwa maradufu, na kwamba kila jicho lapasa kuandaliwa kama upasuaji wa peke yake, kwa vifaa vyake na chupa yake ya dawa, ili uchafu wa upande mmoja usiyaangamize yote mawili.

Mambo yanayopasa kutendwa

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila mgonjwa anayekuja kudungwa jicho moja apimwe macho yote mawili, kila mara, na matokeo ya jicho la pili yaandikwe katika cheti chake pamoja na jina la dawa na tarehe. Kazi hii haihitaji mashine mpya. Inahitaji ubao wa herufi, tone la kupanua mboni, na mganga mwenye subira. Taarifa zilizokusanywa katika kliniki za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 zilionyesha kwamba jicho la pili linapougua kwa mgonjwa ambaye tayari anahudhuria matibabu, huanza kutibiwa likiwa na uwezo mzuri zaidi wa kuona kuliko lilivyokuwa jicho la kwanza, na huendelea kuwa hivyo. Linalookoa jicho hilo ni kuangaliwa mapema.

La pili, mabaraza yanayopitia maombi ya utafiti yasikubali jicho la pili litumike kama kipimo cha kulinganishia, isipokuwa mtafiti ameeleza jinsi atakavyogundua dawa iliyovuka. Tuna wagonjwa wengi wa kisukari wenye macho mawili yanayougua. Hivyo taarifa zitakazoandikwa kwa uangalifu katika hospitali zetu zaweza kujibu maswali ambayo majaribio ya Ulaya na Marekani, yaliyofanywa zaidi kwa wazee wenye ugonjwa wa makula, hayakuyajibu.

La tatu, mgonjwa mwenyewe afundishwe. Ubongo huunganisha picha za macho mawili, na jicho zima huficha upungufu wa jicho gonjwa, hata mtu akapoteza nusu ya uwezo wa jicho moja bila kujua. Mswisi Marc Amsler alibuni kipimo chepesi cha mistari iliyokatana katika miraba midogo. Ukurasa wa daftari la hesabu wenye miraba, uliotiwa nukta katikati, waweza kufanya kazi inayokaribia hiyo. Mgonjwa avae miwani yake ya kusomea, aushike ukurasa umbali wa sentimita 30 hivi, azibe jicho moja na kuitazama nukta kwa jicho la pili, kisha abadilishe. Akiona mistari imepinda, au sehemu imefifia au kutoweka, asingoje siku ya miadi, bali aende hospitali mara moja.

Ukurasa wa daftari ni rahisi kuliko sindano yoyote. Nao hufanya kazi moja ambayo dawa iliyovuka kwa njia ya damu haikuwahi kuthibitishwa kuifanya: kuliwahi jicho la pili kabla halijapotea.